Mti Mwepesi Wenye Nguvu

Ndugu mkulima, kama una mtoto katika shule ya sekondari, huenda siku moja akakuomba pesa za kununua vijiti vya kujengea daraja dogo la mashindano. Usidhani ni mchezo tu. Kazi hiyo inafuata kanuni zile zile zinazoshika paa la nyumba yako.

Huko Marekani yako mashindano ya shule yaitwayo Science Olympiad. Wanafunzi hujenga daraja au mnara wa vijiti, kisha ndoo hutundikwa na kutiwa mchanga polepole mpaka mzigo ufike kilo 15, au mpaka vijiti vivunjike. Mzigo hugawanywa kwa uzito wa mnara wenyewe. Mnara wa gramu 10 ukibeba kilo 15, umebeba mara 1,500 ya uzito wake. Mnara wa gramu 20 ukibeba mzigo huo huo, umepata nusu tu.

Mti unaopendwa sana ni balsa, ambao kwa wingi hutoka Ecuador. Hukua upesi, na baada ya miaka michache tu huwa tayari kukatwa. Mita moja ya ujazo ya balsa kavu ina uzito wa kadiri ya kilo 160. Maji ya ujazo huo ni kilo 1,000. Mti wa tilia wa Marekani, ambao pia hutumiwa, una kadiri ya kilo 400.

Je, balsa iliyo nyepesi kupita zote ndiyo bora? Sivyo. Kila kijiti kichaguliwe kwa kazi yake.

Tazama kenchi ya paa. Mapao yaliyoinama husukumwa, na boriti iliyolala chini huvutwa. Kijiti kirefu kinachosukumwa hupinda katikati kabla ya kuvunjika, na dawa yake ni unene. Ukizidisha unene wake mara 2 kila upande, uzito huwa mara 4, lakini nguvu za kukataa kupinda huwa mara 16. Kwa hiyo hapo tumia balsa nyepesi iliyo nene. Mwanzi nao ni mtupu ndani, lakini husimama imara kwa sababu ya unene wake. Kijiti kinachovutwa hakipindi. Hapo kijiti chembamba cha mti mzito zaidi, kama tilia, kinafaa.

Mweleze mtoto afanye hivi:

1. Akate vijiti vya kipimo kimoja, apime kila kimoja kwa mizani ndogo, na aandike gramu zake.

2. Atazame nyuzi za mti. Ziende sawa toka ncha hadi ncha, pasiwe na fundo.

3. Asimamishe kijiti juu ya mizani, akibonyeze kwa kidole mpaka kianze kupinda, asome mizani, kisha aachilie mara moja. Katika vijiti vyenye uzito sawa, achague kinachosomeka zaidi.

4. Aweke vijiti mahali pakavu, kwa maana mti hunyonya unyevu na kuongezeka uzito.

5. Vijiti vinavyolingana viwekwe pande zote mbili, mnara usije ukainama.

Balsa hununuliwa kwa pesa. Basi mtoto ajifunze kwanza kwa vipande vya sipresi au paini vilivyobaki kwa seremala. Akishajua kupima na kuchagua, hapo mnunulie balsa, naye hataiharibu bure.