Kiwanja cha Vita Chawa Kiwanja cha Michezo

Vita vikiisha askari hurudi nyumbani. Je, aliyojifunza vitani yatamfaa nini? Tumtazame Tony Gaze.

Gaze alizaliwa Australia mwaka 1920. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939, alikuwa akisoma Uingereza. Alijiunga na jeshi la anga pamoja na mdogo wake, Scott. Wote wawili wakawa marubani wa ndege za kivita. Mwaka 1941 Scott aliuawa. Tony akaendelea kuruka.

Septemba 1943 ndege ya Gaze ilitunguliwa Ufaransa. Wakati huo Wajerumani waliitawala nchi hiyo. Mtu aliyemficha rubani aliweza kuuawa. Hata hivyo, wananchi walimsaidia. Alivuka milima akaingia Hispania. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi Uingereza. Vita ilipomalizika, mwaka 1945, alikuwa amepewa nishani ya ushujaa mara 3.

Kiwanja chake kimoja cha zamani, Westhampnett, kilikuwa katika ardhi ya mtu mkubwa, Duke wa Richmond. Barabara ngumu ilikizunguka. Ndege zilipita hapo zikienda kuruka. Sasa ndege zilikuwa zimeondoka. Gaze alimshauri mwenye ardhi aitumie barabara hiyo kwa mashindano ya magari. Mwenye ardhi alikubali. Mashindano ya kwanza yalifanyika tarehe 18 Septemba 1948. Mzunguko mmoja ulikuwa kama kilometa 3.8. Kiwanja hicho, Goodwood, kinatumika hata leo.

Gaze mwenyewe alikuwa dereva hodari. Mwaka 1952 alishindana huko Ubelgiji. Akawa Mwaustralia wa kwanza kuingia mashindano ya dunia ya magari ya mbio. Alikuwa wa 15. Hakupata ushindi, lakini alifika mwisho. Alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 93.

Mimi ni bwana shamba. Nikipita vijijini huona ghala la zamani limeota majani, au lambo limejaa matope. Watu husema, "Hicho kimekwisha kazi." Gaze hakusema hivyo. Alikiona kiwanja kilichoachwa, akauliza kitafaa nini sasa.

Je, kijijini kwako kimeachwa nini? Kitajeni katika mkutano ujao wa kijiji. Halafu mpange siku ya kuanza kazi.