Una mimba na kazi imekuchosha: usiandike barua ya kuacha kabla ya hesabu hii

Tuseme dada mmoja yuko Xiaobei, hapa Guangzhou, ofisi ya kusafirisha mizigo. Alipoajiriwa aliahidiwa kusimamia wateja wa Afrika Mashariki. Huu mwaka wa pili anapiga picha maboksi, anajibu WeChat saa tano usiku, na ile kamisheni hajaiona. Mshahara yuani 9,000, nyumbani anatuma 2,500. Halafu asubuhi moja kipimo kinaonyesha mistari miwili.

Wazo la kwanza ni kuacha. Nani angemlaumu? Kichefuchefu na bosi mkorofi kwa siku moja ni vingi mno. Ila asijiulize kama kazi ni nzuri, maana si nzuri, tushakubaliana. Ajiulize imebeba nini zaidi ya mshahara.

Imebeba karatasi. Kibali cha kazi China kina jina la mwajiri, na kibali cha makazi kinakaa juu yake. Ukiacha, mwajiri anakifuta, nawe unabaki kuomba viza ya muda mfupi ya kumalizia mambo yako. Kampuni mpya itataka barua ya kuachiwa kutoka kwa ya zamani, na maombi yanaanza upya, wakati tumbo linaanza kuonekana kwenye usaili. Sheria inakataza kukunyima kazi kwa sababu ya mimba. Lakini jamani, nani atakuambia sababu?

Na si karatasi zako tu. Mtoto wa wazazi wageni akizaliwa China hapati uraia wa hapa. Mna siku 60 tangu azaliwe kumsajili polisi, idara ya uhamiaji, na makazi yake hufuata ya mzazi. Kama baba yuko kwa viza ya biashara ya kuingia na kutoka, basi kibali cha mama ndicho kinachoishikilia familia nzima.

Sasa upande wa pesa. Kanuni za mwaka 2012 zinatoa siku 98 za likizo ya uzazi. Linganisha na 84 za Tanzania. Mkoa wa Guangdong unaongeza 80, lakini hizo zinatokana na kanuni za uzazi za mkoa, kwa hiyo usiziweke kwenye bajeti mpaka ofisi ikuandikie kwamba zinakuhusu wewe mgeni. Muda wa kliniki ni muda wa kazi, haukatwi. Kuanzia mwezi wa saba hawaruhusiwi kukupa zamu ya usiku wala saa za ziada, na zile WeChat za saa tano ziingie humo. Kupunguza mshahara kwa sababu ya mimba ni marufuku.

Posho ya likizo hutoka kwenye bima ya uzazi, ambayo mwajiri peke yake ndiye anayeilipia. Tangu 2011 wageni wenye ajira halali wanatakiwa kuingizwa kwenye bima ya jamii. Tazama karatasi yako ya mshahara: kama hakuna makato yoyote ya bima ya jamii, shtuka. Hapo hesabu inageuka, kwa sababu mwajiri asiyelipa bima, au asiyelipa mshahara kwa wakati, sheria ya mikataba ya kazi inakuruhusu kumwacha na kudai fidia, kwa kawaida mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofanya. Ukiondoka kwa hasira tu, kwa barua ya siku 30, hudai kitu. Tofauti iko kwenye sababu utakayoandika, kwa hiyo mwone mwanasheria wa kazi kabla ya kuiandika.

Haya yote ni ya mwenye mkataba na kibali. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi au ya biashara na unafanya kazi kimyakimya, hakuna likizo wala posho, na faini ni yuani 5,000 hadi 20,000. Kazi ya namna hiyo haikushikilii chochote. Panga kwenda kujifungulia nyumbani, na upange mapema: mashirika mengi ya ndege huanza kudai barua ya daktari ukifika wiki 28, na ukipita 36 hawakupandishi.

Turudi kwa dada yetu wa Xiaobei. Makato ya bima yapo, mkataba upo. Kwa maoni yetu abaki mpaka likizo iishe, huku akitafuta pengine taratibu, bila kutangaza.

Kinachobaki kigumu ni zile 2,500. Kwetu mimba changa haitangazwi, sasa utawaambiaje nyumbani unapunguza hela bila kutoa sababu? Watasema umebadilika, umeonja China. Lakini ukituma nusu kwa miezi mitano, zinabaki 6,250, na hospitali huomba amana kabla hawajakulaza. Usikate ghafla. Ada ya mdogo wako ilipe moja kwa moja shuleni kwa muhula, ya chakula ipunguze, na umpigie mama tu, si kundi la ukoo. Mwambie mkataba unapitiwa upya na mpaka mwezi wa tisa mambo yatakuwa ya kubana. Si uongo, na mama mwenyewe pengine atakuuliza, "Mwanangu, unakula vizuri?" kwa sauti ile ya mtu aliyekwisha kujua.