Heliamu: Akiba Isiyowekwa na Mtu

Majuzi, katika sherehe ya kuzaliwa kwa mpwa wangu, puto lilimponyoka mkononi likapaa hadi likatoweka. Mtoto akalia, sisi watu wazima tukacheka. Nadhani yeye ndiye aliyekuwa na haki. Puto lile lilijazwa heliamu, gesi nyepesi mno hata dunia yenyewe haiwezi kuizuia isipotelee angani.

Wanajimu waliitambua katika mwanga wa jua mwaka 1868, kabla haijapatikana duniani. Wakidhani ni metali, walilitwaa jina la Kigiriki la jua wakalipachika kiishio cha metali. Kosa hilo limeenea katika lugha nyingi zilizolikopa neno hilo, yetu ikiwemo. (Msomaji aniwie radhi, hiyo ndiyo kazi yangu.)

Heliamu huzalika miambani urani na thori zinapooza, nayo huchukua mamilioni ya miaka kukusanyika. Ikigeuzwa kuwa kiowevu, chenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sufuri, hupoza sumaku za mitambo ya hospitali ipigayo picha za ubongo na uti wa mgongo. Mbona basi tunaichezea?

Jibu ni bei. Mwaka 1996 Marekani ilipitisha sheria ya kuuza akiba yake iliyohifadhiwa ardhini karibu na Amarillo, Texas, ili kulipa deni lililotokana na kuikusanya. Bei ikafuata deni, si uhaba. Mwaka 2010 Robert Richardson, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya fizikia, alilalamika kwamba puto moja lingestahili kuuzwa dola 100. Salio la akiba hiyo liliuziwa kampuni binafsi mwaka 2024.

Mwaka 2016 zikaja habari za Rukwa, Tanzania: futi za ujazo bilioni 54. Wengi wakaiita akiba. Lakini katika Kiswahili akiba ni kitu ulichokwisha kukiweka. Yale yalikuwa makadirio ya kilichomo mwambani, kabla ya kuchimbwa. Ndiyo maana wataalamu hutofautiana kuhusu umri wa heliamu. Mmoja hugawanya kile kinachoweza kutolewa kwa bei ya leo, akapata miongo. Mwingine hugawanya kila kinachodhaniwa kuwamo, akapata karne. Mimi ningemuuliza kila mmoja, kabla hajanitajia miaka, neno akiba analitumia kwa maana gani.

Mpwa wangu alinunuliwa puto jingine kabla machozi hayajakauka.