Kukodi gari Kampala: Uliza haya kabla ya kushika ufunguo

BEI unayotajiwa ya kukodi gari mjini Kampala mara nyingi siyo utakayolipa. Nimekodi hapa mara kadhaa kwa safari za Jinja, Busia na Mutukula, na ninachoweza kumwambia ndugu anayerejea kutoka ughaibuni au mfanyabiashara wa mpakani ni kwamba fedha hupotea kwenye yale yasiyotajwa mezani.

Kwanza uliza kilomita. Baadhi ya wenye magari huweka kikomo cha siku, na kila kilomita ya ziada ina bei yake. Kampala hadi Busia ni takriban kilomita 200. Kwenda na kurudi ni 400. Ukipewa 100 kwa siku na gari umelichukua siku mbili, unadaiwa 200 hata kabla hujauza kitu.

Kama unavuka mpaka, taka ruhusa ya maandishi ya mwenye gari na Kadi ya Njano ya COMESA. Bima hiyo inatambulika Kenya, Tanzania na Rwanda, lakini wengi hawaielewi: hulipa hasara ya mtu wa tatu, siyo gari ulilokodi. Gari likiumia, unarudi kwenye bima yake yenyewe, ambayo kwa kawaida ina kiasi unachobeba wewe. Kiasi hicho kiandikwe kwenye mkataba, maana ndicho kitakachokatwa kwenye dhamana yako.

Halafu piga picha. Safari moja nilirudisha gari, mwenye yadi akanionyesha mkwaruzo kwenye bampa akitaka Sh300,000. Nikamtolea simu yenye picha za asubuhi niliyolichukua, mkwaruzo ukiwemo. Akakuna kichwa, dhamana ikarudi yote. Piga pia mshale wa mafuta na namba ya kilomita.

Barabara ya kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilianza kutozwa ushuru Januari 2022, Sh5,000 kwa gari dogo. Mnapokwenda na dereva, kubalianeni nani analipa huo ushuru, na nani analipa chakula na malazi yake mkilala njiani. Faini za barabarani nazo hufuata namba ya gari, hivyo hakikisha hurithi deni la mtu mwingine.

Unayeagiza gari ukiwa ng'ambo utatajiwa dola. Uliza utakatwa kwa kiwango gani ukilipa kwa shilingi.

Kwa mwenye shughuli za Kikuubo peke yake, kwa maoni yangu asikodi kabisa. Gari litakaa kwenye foleni na maegesho ni tabu. Spesho au bodaboda inatosha.

Mwisho ni saa ya kurudisha. Ukichelewa, wengine hukutoza siku nzima. Anayetokea Jinja jioni ahesabu msongamano wa Mukono hadi mjini, aongeze saa mbili.