Mchuaji Mwema Husikiliza Kabla ya Kugusa

Askari aliyesimama lindo tangu magharibi hadi alfajiri hurudi nyumbani miguu imekuwa kama magogo. Dereva wa lori hurudi na mabega yaliyokakamaa. Mama aliyejifungua karibuni naye ana maumivu yake ya mgongo. Watatu hawa wakifika kwa mchuaji mmoja, wakapakwa mafuta yale yale, kwa muda ule ule na kwa bei ile ile, ni nani kati yao atakayeondoka ametimiziwa haja yake?

Swali hili lilimkabili jirani yetu mmoja katika laini za polisi, mke wa konstebo, aliyerithi kazi ya kuchua kutoka kwa mama yake. Kwa muda mrefu alikuwa na huduma ya namna moja tu: saa nzima, mwili mzima, kwa mafuta ya shea yatokayo kaskazini mwa Uganda. Wateja walikuja, wakasifu, wasirudi. Hakuijua sababu mpaka alipoanza kuwauliza. Dereva alisema hana nafasi ya kulala mkekani saa nzima, wala hapendi kuvua nguo. Mzee mmoja alisema mikono ya mama huyo ilikuwa mizito mno kwake. Mama mzazi alisema yeye alitaka mgongo tu, maana mtoto hangoji.

HAJA NDIYO MWALIMU

Kazi ya kuchua imekua hivyo hivyo hata katika nchi za mbali. Mwaka 1813, huko Stockholm, Per Henrik Ling, mwalimu wa mchezo wa panga, alifungua chuo cha mazoezi ya viungo, ambamo mazoezi ya kijeshi na ya kuponya wagonjwa yalifundishwa pamoja. Mwaka 1894, mjini London, kazi hii ilikuwa imechafuka jina kwa sababu ya nyumba zilizojificha nyuma ya kuchua zikifanya mambo ya aibu. Wauguzi wanne waliunda chama cha wachuaji waliofunzwa, wakaweka masharti makali, likiwemo la kuchua kwa maagizo ya daktari tu. Chama hicho ndicho chanzo cha wataalamu wa viungo wa Uingereza wa leo.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Almeric Paget na mkewe waligharamia kikosi cha wachuaji. Kilianza na wanawake wapatao 50, kwenda kuwahudumia askari majeruhi. Huko ilionekana wazi kwamba mkono uliovunjika na bega lililopigwa risasi havitaki matunzo ya namna moja. Askari waliopofushwa vitani nao hawakuachwa: katika makao ya St Dunstan's, yaliyoanzishwa mwaka 1915 na Arthur Pearson, ambaye mwenyewe alikuwa kipofu, baadhi yao walifundishwa kuchua wakapata riziki. Na huko Marekani, mwaka 1986, David Palmer alileta kiti maalumu ambacho mteja hukalia na nguo zake akachuliwa kwa dakika chache tu. Hakuna alichokifanya ila kuitazama haja ya watu wasio na nafasi.

MAFUNGU MANNE

Jirani yetu hakuwa na kiti cha namna hiyo. Alichukua kiti cha kawaida, akamkalisha mteja kinyumenyume, kifua kikiegemea mto. Hilo likawa fungu la kwanza: shingo na mabega, dakika 15, bila kuvua nguo. La pili ni la watu wa lindo: miguu, nyayo na kiuno, dakika 30, baada ya kuosha miguu kwa maji ya uvuguvugu. La tatu ni la mama mzazi, akilala ubavu, baada ya mkunga kuridhia. Tumbo haliguswi, wala maji ya moto hayamwagwi mwilini, maana yamekwisha kuwaunguza wengi. La nne ni la wazee: mkono mwepesi na mafuta mengi.

Kila fungu alilijaribu kwanza kwa watu wachache, akiandika daftarini nani amerudi na nani ameona nafuu. Bei aliipanga kwa kuhesabu mafuta, sabuni ya kufulia mashuka na muda wake. Wanawake aliwahudumia mwenyewe. Kwa wanaume alimwita shemeji yake, aliyemfundisha kazi. Mlango wa chumba una pazia, hauna kufuli. Kwa njia hiyo hakuna aliyepata la kusema.

MGUU ULIOKATALIWA

Siku moja sajini mmoja alifika akichechemea. Ndama ya mguu mmoja ilikuwa imevimba, ina joto, nayo inauma. Alikuwa ametoka safari ya siku mbili garini.

“Afande, mguu huu hatutaugusa,” mama alimwambia.

“Mama, nimekuja na pesa yangu.”

“Pesa yako iweke, afande. Nenda kwa daktari sasa hivi.”

Sajini alikasirika, lakini alikwenda. Daktari alikuta damu imeganda ndani ya mshipa. Mguu kama huo ukichuliwa, donge la damu laweza kung'oka, likasafiri hadi mapafuni na kuua. Leo sajini huyo ni mzima, na ndiye anayewapeleka wenzake kwa mama yule.

Basi, kabla ya kupaka mafuta, muulize mteja: wapi panauma, tangu lini, umeanguka, una homa, unatumia dawa gani? Mfupa uliovunjika, kidonda kibichi, mwili wenye homa na mguu mmoja uliovimba ghafula ni mambo ya zahanati. Mwenye ugonjwa wa sukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asikandamizwe wala asitiwe maji ya moto, kwani hatasikia akiumia.

Akina mama mnaotaka kuifanya kazi hii katika laini na kambi, mtaji wa kwanza si mafuta. Ni sikio la kusikiliza, na moyo wa kukataa pesa pale inapolazimu.