Mkulima akiijua safari ya mtalii, hatauza ndizi tu

MAGARI ya watalii yanayotoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita kila siku katikati ya mji mdogo wa Mto wa Mbu, wilayani Monduli. Baadhi husimama kwa dakika 15 au 20. Abiria hushuka, hunyoosha miguu, huuliza bei ya ndizi nyekundu, hupiga picha na kupanda tena. Muuzaji hubaki akipiga hesabu: magari kumi yamesimama, walionunua ni watu wawili.

Maelezo ya haraka ni kwamba watalii wa siku hizi ni wabahili. Wabahili wapo, lakini tatizo kubwa liko kwingine. Mtalii yule aliamua miezi kadhaa kabla, akiwa kwao, fedha zake zitakwenda wapi, na meza ya ndizi haikuwamo katika hesabu hiyo.

Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, Marion Clawson na Jack Knetsch, walichapisha kitabu kuhusu uchumi wa mapumziko. Humo safari ya mtu imegawanywa katika hatua tano: kutazamia na kupanga, kusafiri kwenda, kukaa mahali penyewe, kusafiri kurudi, na mwisho kukumbuka. Mgawanyo huo bado unafundishwa katika vyuo vya utalii. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo una faida moja kubwa: unamwonyesha kwamba yeye amesimama katika hatua ya tatu peke yake, tena kwa dakika 20.

Hatua ya kwanza ndiyo yenye fedha nyingi. Mgeni anayekuja kuona wanyama kaskazini mwa Tanzania kwa kawaida hununua safari nzima kwa pamoja: gari, dereva, ada za hifadhi, kitanda na chakula, pamoja na kile cha mchana kinachofungwa kwenye boksi. Anapofika Mto wa Mbu ameshiba, na chakula cha jioni kimekwisha kulipiwa. Kilichobaki mfukoni ni fedha ya vitu vidogo na bakshishi. Hata akipenda kutembelea shamba, dereva anaangalia saa, kwa kuwa vibali vya hifadhi huhesabiwa kwa saa na lango hufungwa jioni.

Kwa hiyo anayetaka sehemu ya fedha hiyo aingie kwenye ratiba kabla mgeni hajapanda ndege. Njia ipo na si ngeni. Tangu katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Utalii Tanzania na shirika la Uholanzi la SNV walisaidia vijiji kadhaa kuanzisha utalii wa utamaduni, na Mto wa Mbu ni kati ya waliofanya vizuri. Mgeni hutembezwa kwa miguu au baiskeli na kijana wa hapo, hupita kwenye majaruba ya mpunga na migomba, huona wachongaji wa Kimakonde na wachoraji wa Tingatinga, huonja mbege, kisha hula chakula cha nyumbani.

Kampuni ya Arusha haiwezi kuuza matembezi ambayo haijui yanaanzia wapi, yanachukua saa ngapi na yanagharimu kiasi gani kwa kichwa. Kikundi cha wakulima kinachotaka kuuza kiyaandike hayo matatu kwenye ukurasa mmoja na kuyapeleka mapema, kwani kampuni hupanga bei za mwaka unaofuata kabla mwaka haujaisha. Bei ikishatajwa isibadilike mgeni anapofika. Dereva akiaibishwa mara moja mbele ya wageni wake, mara ya pili hatasimama.

Wataalamu husema pia kwamba mahali pa utalii panahitaji mambo matano: kivutio, njia ya kufikia, malazi, huduma, na shughuli za kufanya. Kwa Mto wa Mbu, kivutio kikubwa ni Hifadhi ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960. Njia ni barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Hivyo viwili mkulima hana mamlaka navyo. Na lami, pamoja na faida zake zote, humpitisha mgeni upesi kuliko barabara ya vumbi.

Huduma ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Choo safi chenye maji na sabuni, kivuli cha kukaa, chenji ya kutosha na kibao chenye bei ni vitu vya gharama ndogo. Madereva wanajua kila choo cha kuaminika kati ya Arusha na Karatu, na mahali penye choo ndipo gari linaposimama. Mwenye genge la matunda aliyejenga choo cha maana amewapita wenzake watano wanaokimbilia madirisha ya magari wakiwa na bangili mkononi.

Malazi ni mlango mwingine, na hapa mkulima hahitaji hata kuonana na mtalii. Hoteli na kambi zinahitaji saladi, nyanya, karoti, mayai, maparachichi na mapapai kila wiki. Malalamiko ya wapishi yanafanana: leo umeleta kilo 40, kesho hukuja. Hoteli inataka ukubwa unaolingana, siku maalumu na risiti, na mara nyingi hulipa baada ya mwezi. Mkulima mmoja mwenye robo eka hawezi masharti hayo. Kumi waliogawana zamu za kupanda wanaweza, ikiwa wana akiba ya kusubiri malipo.

Kalenda nayo ina lake. Msimu mkubwa wa wageni kaskazini ni Juni hadi Oktoba, na mwingine mfupi huja mwishoni mwa Desemba. Aprili na Mei ni mvua na hoteli nyingi hupungukiwa na wageni. Nyanya za kuvunwa Julai hutakiwa kuwa kitaluni mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili, yaani zikue wakati wa masika, wakati bakajani ikiwa kali. Anayeweza kuzilinda na ugonjwa huo atauza vizuri. Asiyeweza ni heri apande saladi mwezi Mei, avune ndani ya wiki sita hadi nane.

Hatari yake ilionekana waziwazi mwaka 2020. Wageni wa kimataifa walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,867 kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19. Mwaka 2023 walivuka milioni 1.8, lakini aliyekuwa akitegemea vinyago peke yake alikuwa na muda mrefu wa kukaa bila chochote. Mwenye mpunga na ndizi alikuwa na kitu cha kupeleka sokoni. Wageni wawe zao la pili shambani, si la kwanza.

Safari ya kurudi ina kanuni ambazo wauzaji wengi hawazijui, nao hushangaa kuona asali haitoki. Mtalii anaporudi kwao kwa ndege, kwa kawaida haruhusiwi kuingia na chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100 kwenye mzigo wa mkononi. Chupa ya lita moja ya asali, iliyofungwa kwa gunzi la karatasi, haiendi popote. Chupa ndogo yenye kifuniko kinachokaza inaweza kwenda. Umoja wa Ulaya nao, tangu Desemba 2019, hudai cheti cha afya ya mimea kwa matunda na mboga nyingi mbichi zilizomo kwenye mizigo ya abiria, ingawa ndizi na mananasi ni kati ya yaliyosamehewa. Kahawa iliyokaangwa na viungo vilivyokauka havina usumbufu huo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo kikapu kidogo cha ukindu hufanya kazi mbili: kinabeba, na chenyewe kinauzwa.

Mgeni akishafika nyumbani, picha huonyeshwa jirani na ndugu, na maoni huandikwa kwenye simu ambako watu wanaopanga safari zao huyasoma. Hatua yake ya mwisho huwa hatua ya kwanza ya mtu mwingine. Lakini pakiti ya kahawa isiyo na jina ikiisha, imeisha. Yenye jina la kikundi, kijiji na namba ya simu inaweza kumleta mteja baada ya miezi sita, na anayepokea simu hiyo awe anajua bei ya kilo moja na gharama ya kuituma.