Tshibumba: mchoraji aliyejiita mwanahistoria

Bandugu, wengi wetu tunangoja diplome itupatie jina. Tshibumba Kanda Matulu hakungoja. Alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo. Kuchora alijifunza mwenyewe, na turubai yake ilikuwa mifuko ya unga. Watu wa kawaida walinunua «Colonie Belge», wakaitundika nyumbani; akairudilia mara nyingi, juu iliuzika. (Mtoto anakula na nini?) Lakini mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwalimu wa université ya Lubumbashi, historia nzima ya inchi: picha kama 100, kila moja akiieleza kwa Kiswahili chetu. Leo ziko Amsterdam. Yeye mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hakuna habari yake.